Upindo wa Shamba la Mke Wangu

Mimi ni fundi cherehani. Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani anasoma maneno ya mkulima. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekaa kwenye baraza la duka moja pale Lushoto mjini nikikata suruali na sare za shule, na jioni napanda mlima kurudi nyumbani kula maharage. Maharage hayo nilikuwa nayaita yangu. "Mwaka huu maharage yangu yamekubali," nilikuwa nawaambia wateja, wakati sijui hata yalipandwa mwezi gani. Shamba lilikuwa la mke wangu kwa kila kitu isipokuwa mdomo. Mdomo ulikuwa wangu.

Mke wangu alifariki mwezi wa sita, wakati wa baridi. Aliugua siku chache. Sina zaidi la kusema juu ya hilo, na nikiwa nalo sitaliweza.

Siku za matanga watu walikuwa wengi, na akiba yote iliyokuwa darini ikaliwa. Ilipofika arobaini ikabidi ninunue maharage dukani. Tulisoma hitma, tukapakua wali. Shemeji yangu, mdogo wa kike wa marehemu, ambaye shamba lake liko bondeni chini ya letu, alionja kijiko kimoja akakiweka chini.

"Dada yangu," akasema, "ndiyo anasomewa kwa maharage ya dukani."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma kibao cha njiani. Lakini mimi niliinuka. Sijui nilikuwa nimekula nini, maana wali wenyewe nilikuwa sijaugusa. Nikasema mbele ya watu wote, na mwalimu wa madrasa akiwapo, kwamba kwenye dua ya mwaka watakula maharage ya shamba lake mwenyewe, ya mbegu yake mwenyewe, na hata punje moja ya dukani haitaingia kwenye sufuria.

"Nani atalima?" akauliza shemeji.

"Mimi."

Wanawake walicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza katika nyumba ile kwa siku arobaini, nami kwa ujinga wangu nikadhani wananitia moyo.

Mbegu ilikuwapo. Juu ya mafiga, kwenye moshi, kilining'inia kibuyu ambacho sikuwahi kukiuliza kazi yake. Nilikitingisha kikalia. Ndani, katika majivu, kulikuwa na maharage ya kila namna: mekundu, ya njano, ya madoadoa, machache meusi, yote pamoja. Alikuwa anayapanda hivyo hivyo bila kuyachambua. Wakati ule niliona ni uvivu. Baadaye nilielezwa kwamba mwaka wa mvua nyingi haya hufa yale hupona, na mwaka wa jua ni kinyume chake, kwa hiyo yeye alikuwa halali njaa mwaka wowote. Mimi ndiye niliyekuwa nala bila kujua kwa nini.

Nilikitundika tena kile kibuyu kwa mikono miwili. Niliamini kwamba mbegu ya mke wangu, duniani kote, ni ile tu, na mlinzi wake ni mimi.

Shamba lenyewe liko kwenye mteremko mkali, kama mashamba yetu yote huku. Lina ngazi tano zilizochongwa ubavuni mwa mlima, na kwenye ukingo wa kila ngazi mke wangu alikuwa amepanda majani ya gwatemala, marefu kuliko mtu, ukanda wenye upana wa hatua moja. Majani yale alikuwa anamkatia ng'ombe wa shemeji, na shemeji alikuwa anamrudishia samadi. Hilo nilikuwa nalijua, kwa sababu samadi ilikuwa inapita mlangoni kichwani mwa mke wangu, nami nilikuwa naziba pua.

Kabla ya vuli bwana shamba aliitisha mkutano kwenye ofisi ya kijiji. Bwana shamba wetu ni binti, lakini huku bado tunamwita bwana shamba na yeye ameshazoea. Nilikaa mbele kabisa. Akaeleza nafasi ya kupandia maharage: sentimita hamsini mstari hadi mstari, ishirini shimo hadi shimo, mbegu mbili kila shimo. Moyo wangu ulifunguka. Kumbe kilimo ni vipimo! Kama ni vipimo, mimi nimepima viuno vya wilaya nzima. Nilinyanyuka pale pale nikaenda zangu, kwa sababu nilikuwa na suruali ya mtu ya kumalizia, na kwa sababu niliona nimeshaelewa. Nusu ya pili ya mkutano niliwaachia wasioelewa haraka.

Kesho yake nilikwenda shambani na futi shingoni. Nililipima lile shamba kama mteja: urefu, upana, mabega. Nikaona kasoro mbili. Kwanza, majani yale yalikuwa yanakula nafasi ya bure kwenye kila ngazi. Pili, yalikuwa yanakata mistari yangu, maana nilitaka mistari itoke juu mlimani hadi chini bila kukatika, iliyonyooka kama alama ya pasi kwenye suruali ya mwalimu mkuu. Fundi akiona kitambaa kimezidi, mkono unamwasha. Nilichukua jembe la mke wangu. Mpini wake ulikuwa umekatwa kwa urefu wake yeye, kwa hiyo mimi niliinama kama niliyedondosha sindano. Nikaanza kung'oa.

Siku ya pili shemeji alikuja na panga lake kukata majani ya ng'ombe.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Naongeza shamba."

"Kwa kung'oa?"

"Majani hayaliwi."

"Ng'ombe wangu anakula."

"Mimi sijaahidi kumlisha ng'ombe. Nimeahidi maharage."

Akatazama mistari niliyoiwekea kamba kutoka juu hadi chini. Akatazama bonde, kabichi zake zilikokuwa. "Hesabu naona unaijua," akasema. "Mvua unaijua?"

"Nimehudhuria mkutano."

"Wote?"

Nikamwambia jua limepanda, nina kazi. Kusema uongo siwezi, lakini kukwepa naweza sana.

Shemeji alikusanya majani niliyoyang'oa, akafunga mizigo, akaenda nayo. Baadaye nilijua kwamba alichukua na mashina yenyewe, akayachimbia pembeni mwa shamba lake ili yasife. Alijua nitayatafuta.

Wiki hiyo alishuka Magoma kumtazama ndugu aliyejifungua, na mimi nikajichukulia samadi kwa ruhusa ya mumewe. Iliyokuwa imelundikwa nyuma, nyeusi na iliyopoa, niliiona imechakaa. Nikachota ile mpya, ya moto, inayofuka moshi asubuhi. Nilifikiri kama chai, ya moto ndiyo yenye nguvu. Nikaijaza mashimoni kwa viganja, nikaweka mbegu mbili mbili juu yake, nikafukia. Karibu kibuyu kizima kiliisha. Zilibaki punje chache ndani kwa sababu tu shingo ya kibuyu ilikuwa nyembamba na nilichoka kukitikisa.

Nusu ya mbegu iliungulia humo humo kwenye samadi. Nusu iliyobaki ilichipua, na kwa siku kumi nilikuwa mtu mwenye furaha. Wapita njia walikuwa wanasimama. "Fundi, huu ni mstari au ni mshono?" Nikawa najibu, "Mshono mara mbili huo!" Nilikuwa naondoka dukani mapema ili nikasimame pale juu na kutazama alama zangu za pasi zikiteremka mlima mzima, kijani, bila kikwazo chochote.

Maji nayo hayakupata kikwazo chochote. Mvua ya vuli ilinyesha mchana mmoja kuanzia adhuhuri hadi karibu na magharibi. Nilikuwa dukani. Nilipopanda mlima njia ilikuwa mfereji, na tope lake lilikuwa jekundu, zuri, laini, la kupandia. Nililiruka bila kujiuliza linatoka wapi.

Asubuhi nilikwenda shambani. Kila mstari ulikuwa umegeuka korongo dogo, na kingo za ngazi zilikuwa zimefumuka moja baada ya nyingine, kama mshono uliokatwa uzi mmoja tu. Sehemu nyingine mwamba ulikuwa unanitazama. Chini bondeni, shemeji alisimama katikati ya kabichi zake. Alikuwa haonekani miguu, na kabichi nyingi zilikuwa hazionekani kabisa. Alininyooshea mkono. Kiganjani alikuwa ameshika mche wa maharage, wenye majani yake mawili, mzima.

"Karibu kupalilia, shemeji," akapaza sauti. "Maharage yako yamehamia kwangu."

Nilitelemka. Akanipa debe. Siku tatu nilifukua kabichi kwa mikono, na udongo nikaupandisha kichwani kurudi kwangu, debe baada ya debe. Duka lilifungwa, na mtu mmoja akaoa kwa suruali ya kuazima. Watoto wa shule walikuwa wanapita wakinisalimu shikamoo kwa heshima zote, halafu wakifika kwenye kona wanacheka. Mzee mmoja jirani alisimama akaegemea fimbo yake. "Fundi, ndiyo umeamua kuupandisha mlima?"

"Umeshuka, mzee. Naurudisha."

"Haya. Ukifika juu unisalimie marehemu, mwambie tunamkumbuka."

Hilo halikunichekesha. Nilikaa chini nyuma ya kibanda cha kujikinga mvua ambacho mke wangu alikuwa amekijenga ukingoni mwa shamba. Palikuwa na kopo lake la maji na kanga kuukuu aliyokuwa anajifunga kichwani akipalilia, imetundikwa kwenye msumari. Nilikuwa nimemshonea yule mwanamke magauni kwa miaka yote, kila Idi, na hakuna siku niliyomshikia jembe. Nilikuwa najua mabega yake kwa inchi. Yaliyokuwa yanabebwa na mabega hayo sikuyajua.

Bwana shamba alikuja na pikipiki yake wiki iliyofuata. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Alitembea shamba zima, ngazi kwa ngazi. Mwishowe akasema, "Mistari ilikuwa imenyooka sana."

"Ahsante."

"Baba, haikuwa sifa." Akajikaza asicheke. "Huku kwetu mstari unalala na mlima, hausimami nao. Na yale majani ndiyo yalikuwa yameushika udongo wote. Haya nilisema mkutanoni. Hukuwapo?"

"Nilikuwapo mpaka kwenye vipimo."

Hapo alicheka. Kisha akaokota kijiti, akanichorea chini ile nusu ya mkutano niliyoikimbia: ukingo na majani yake, samadi ilale mpaka itoe harufu ya udongo badala ya ng'ombe, palizi kabla ya maua na si baada. Nilisikiliza nikiwa nimechuchumaa. Na alipokuwa anachora ukingo ndipo liliponijia jambo ambalo fundi yeyote wa mwaka wa kwanza analijua. Hukati kitambaa chote. Chini ya suruali unaacha upindo, unaukunja ndani, mteja haoni na hauna kazi siku ile. Kazi yake ni siku mtoto akirefuka, au nguo ikirudi kwa kufuliwa. Asiyeacha upindo anaharibu nguo. Mke wangu alikuwa ameacha upindo kwenye kila ngazi, nami nimeukata nikautupia ng'ombe.

Vuli ile nilivuna bakuli moja. Si lugha ya kupamba. Lilikuwa bakuli la uji, halikujaa.

Nilikwenda kwa shemeji kuomba mashina ya gwatemala. Nilikuwa nimejiandalia maneno, lakini alinikuta mlangoni akanielekeza pembeni kabla sijayatoa. "Yako yako pale. Yamekusubiri."

"Uliyatunza?"

"Dada aliyapanda na mimba ya kifungua mimba wenu. Niyachome?"

Miezi ile ya jua nilichonga kingo upya na kupanda majani, kila shina kwa nafasi yake. Futi hiyo sikuiacha, dhambi yake nilikuwa nimeshailipa. Samadi niliilundika chini ya migomba, nikaifunika majani, na kila Ijumaa baada ya sala nilikuwa naifunua na kuinusa, mpaka watu wakaanza kunisema. Mvua ya masika ilipoanza nilipanda lile bakuli pamoja na zile punje zilizokwama kibuyuni. Mistari ililala. Nilipalilia nikiwa nimeinama kwenye mpini ule mfupi. Niliambiwa nikate mwingine wa kimo changu. Sikuukata.

Shamba halikupona kwa msimu mmoja. Ngazi mbili za juu zilitoa majani ya njano na maganda matupu. Ngazi ya tatu, ambayo udongo uliokuwa unashuka uliganda kwenye mawe yake, ilizaa mpaka nikaogopa kuigusa. Wiki mbili kabla ya dua tulipiga maharage kwenye turubai, mimi na shemeji, na kupepeta. Alichukua kibuyu akakijaza kwanza.

"Punguza kidogo," nikamwambia. "Watu ni wengi."

"Kwanza kibuyu, halafu tumbo."

Kilichobaki kilikuwa nusu debe. Mlima mzima ulikuwa unakuja.

Sasa nieleze nililolifanya, kwa sababu hakuna aliyeniona na ningeweza kulinyamazia. Siku moja kabla ya dua, mchana, nilishuka sokoni. Nilizunguka kwa wauza nafaka nikitafuta maharage mekundu, ya njano, ya madoadoa na machache meusi, nikiyalinganisha na punje nilizokuwa nazo mfukoni, kama ninavyotafuta uzi wa kufanana na kitambaa. Muuzaji mmoja aliniuliza kama ni dawa. Nikarudi nyumbani nikayamwaga pamoja na ya mke wangu kwenye beseni moja, nikayachanganya kwa mikono mpaka mimi mwenyewe sikuweza kuyatofautisha. Niliona ni ushonaji mzuri.

Asubuhi wanawake walikuja kupika. Wa kwanza aliingia na bakuli chini ya kanga, akalikuta beseni, akamimina juu yake maharage yake. Mekundu, ya njano, ya madoadoa, meusi machache. Wa pili akamimina. Wa tatu. Nilikuwa mlangoni na mdomo wazi.

"Hizi mbegu mmezitoa wapi?"

"Kwa marehemu," akasema wa kwanza. "Alinipa nilipojifungua wa pili."

"Mimi nilipoolewa."

"Mimi mwaka ule zangu zilipooza. Akaniambia zake zikifa nimrudishie."

Nikamgeukia shemeji. "Na wewe unazo?"

"Kila msimu."

"Mwaka mzima unaniacha nalia na kibuyu kimoja?"

"Hukuuliza, shemeji. Ulikuwa unapima."

Ndivyo wanavyoweka mbegu huku, kumbe. Anayetaka isipotee anaigawa. Mimi niliyekuwa mlinzi wa mwisho nilikuwa nalinda kitu kilichokuwa kimelala katika kila jiko la mlima ule. Na katika beseni lile kubwa, lililojaa sasa mpaka pomoni, maharage pekee ya dukani yalikuwa yangu. Nilitaka kusema. Lakini walikuwa wameshayabeba kuyaosha.

Maharage ya mke wangu yanaiva kwa mzigo mdogo wa kuni. Yale ya sokoni nadhani yalikuwa ya mwaka juzi.

Dua ilisomwa, sinia zikaja barazani kwa wanaume, tukanawa. Tonge la tatu au la nne nikasikia jirani yangu anasema "Ah!" na kushika shavu. Mwalimu wa madrasa alitoa punje mdomoni, akaitazama kwa adabu, akaiweka kando. Kisha shemeji akatoka uani, amebeba punje moja katikati ya kiganja, kama alivyobeba ule mche bondeni.

"Hili ni la nani?" akauliza. "La kwangu haliwi hivi. La nani?"

Wanawake walikuwa wamejazana mlangoni nyuma yake. Ningeweza kusema moto ulikuwa mdogo.

"Ni langu," nikasema. "Kila gumu ni langu. Nilinunua jana sokoni. Niliogopa hayatatosha."

Mwalimu ndiye aliyeanza. Alijaribu kuligeuza kuwa kikohozi, akashindwa. Halafu baraza zima, halafu ua, mpaka yule mzee wa fimbo akawa anajifuta macho kwa kofia. Walicheka kwenye dua ya mwaka ya mke wangu, na sikuona ubaya, kwa kuwa sauti yake ndiyo pekee niliyokuwa naikosa humo. Yeye angecheka wa kwanza.

"Kula," shemeji akaniambia, akarudi uani.

Nikala. Yale laini yaliyeyuka, nami sikuweza kujua lipi limetoka kwenye ngazi ya tatu na lipi limetoka kwa nani. Yale magumu niliyatoa moja moja nikayapanga ukingoni mwa sinia upande wangu, yenye nafasi sawa. Yalikuwa tisa. Watu walipoondoka nikayatafuna.